Neno Moja, Kop Moja

Mwalimu wangu wa Kiingereza ameniudhi kwa miaka ishirini na sita, na nilidhani alikuwa amemaliza. Kumbe bado. Ijumaa moja ya masika binti yake, Mwanahamisi, alinipigia simu kutoka Msimbu, kule Kisarawe, akiwa analia.

"Dada, baba ameharibikiwa," alisema. "Alipotoka hospitali na kile kiharusi aliongea kwa shida, lakini tulikuwa tunaelewana. Sasa wiki ya tatu hii analala mchana kutwa, na akiamka ni kuropoka tu. Neno hata moja hulishiki. Dawa anazitema. Baba zangu wadogo wamekaa kikao, wamesema Jumatatu apelekwe wodi ya wagonjwa wa akili. Wewe si uko kwenye dawa? Njoo umwone. Na uje na kitu cha kumtuliza, kiwe na nguvu kuliko hiki tunachompa."

Nilimwambia dawa hazibebwi mkobani kama karanga, lakini Jumapili nitafika. Nikakata simu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Mimi ndiye ninayekaa dirisha la dawa kwenye kituo cha afya hapa Kibaha, na Mwalimu alikuwa mgonjwa wetu wa presha tangu enzi anaishi Tangini, nyumba mbili kutoka kwetu. Mtu ambaye maisha yake yote aliwapanga watu kwa namna wanavyoongea, leo naye amepangwa, na amepewa fungu baya kuliko yote.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, kufundisha ilikuwa kazi ya mshahara tu. Alikuwa na daftari la kaunta, jalada gumu, ambalo aliandika maneno ya Kiingereza ya kuongea mbiombio bila kueleweka. Siyo maneno yote ya Kiingereza. Hayo tu. Ukurasa aliugawa safu tatu: neno lenyewe, maana yake kwa Kiswahili kama alivyoihangaikia, na safu ya tatu aliiita "Nani". Humo aliandika jina la mtu anayemjua ambaye huongea hivyo. Kidato cha pili nilisimama darasani kusoma insha yangu juu ya safari ya Bagamoyo, nikaisoma mbio ili niketi haraka, kwa sababu nilikuwa na aibu na sketi yangu ilikuwa imechanika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua lile daftari mbele ya wanafunzi arobaini, akaandika jina langu.

"Gabble," alisema. "Huyu ana-gabble. Maana ipo ndani, lakini ameikimbiza mpaka imempita. Kuanzia leo anaitwa Bi Mbio."

Na kweli niliitwa Bi Mbio mpaka namaliza shule. Wapo watu wazima pale Kibaha, wenye wajukuu, ambao hadi leo jina langu la kweli hawalijui.

Dawa yake ya gabble ilikuwa kizibo cha soda. Alikiweka mfuko wa shati, upande ambao wenzake waliweka kalamu, na kilikuwa kimechakaa mpaka rangi imetoka. Ulikuwa unasimama, yeye anagonga meza, kop, wewe unasema neno moja. Unanyamaza. Kop, neno la pili. Ukisema mawili anakurudisha mwanzo. Insha ya Bagamoyo niliisoma hivyo kipindi kizima, na kengele ya mapumziko ilipolia bado sijafika Bagamoyo. Wenzangu walikosa uji kwa ajili yangu. Wengine hawajanisamehe.

Ungedhani mtu wa namna hiyo yeye mwenyewe aliongea polepole. Aliongea kama mvua juu ya mabati! Akikasirika kwenye kikao cha walimu Kiingereza kilimtoka kwa kasi ambayo hata mkuu wa shule alikuwa anatikisa kichwa kukubali asichokisikia. Akiongea kwa simu na dada yake wa Msimbu, kwa Kizaramo, tulijibanza chini ya dirisha la ofisi tukicheka mpaka tukalala chini. Na harusini usimpe kipaza sauti. Atakwambia anatoa shukrani za dakika tatu, na wali unapoa watu wanamwangalia. Nilipokuwa mtu mzima wa kutosha nikamuuliza, mwalimu, wewe mbona jina lako halimo kwenye daftari? Akasema mwenye rejesta haiti jina lake. Nilitamani kumpiga na lile daftari.

Mwenye kumweza alikuwa mkewe peke yake, Mama Mwalimu, ambaye Kiingereza chake kiliishia "good morning". Siku moja Mwalimu alikaa kibarazani kwao akimsomea kwamba neno "chatter", kuongea bila kukoma, kwa mujibu wa kamusi yake, ni la ndege, nyani na wanawake. Mama Mwalimu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Na mwanamume akiongea hivyo anaitwaje?"

Mwalimu akafungua kamusi. Alitafuta siku tatu. Siku ya nne akaja kukiri kwamba hajaona.

"Basi waliotunga hiyo kamusi hawajawahi kukaa na wewe," Mama Mwalimu alisema, akaenda kubandika sufuria.

Baada ya hapo alifuta neno "wanawake" kwenye safu ya pili kwa wino mweusi, na akaacha kulitumia neno lile kabisa. Kwa hilo nampa sifa. Alikuwa mkaidi, lakini ukimshinda alikubali ameshindwa, ila umpe siku nne.

Nimesema alihangaika na Kiswahili cha maneno hayo, na mahangaiko yake alitugawia sisi. Nikiwa natoka kazini, miguu inawaka, ananisimamisha njiani. Shikamoo mwalimu. Marahaba, Bi Mbio, hebu nisikilize. "Babble" nimeiandika kubwabwaja, unaonaje? Naona sawa mwalimu. Hapana, si sawa, kubwabwaja kuna lawama ndani yake, na babble hata maji ya kijito yana-babble, na maji hayana kosa. Kuropoka je? Kuropoka ni kosa la kilichosemwa, siyo kasi. Kupayuka ni kosa la sauti. Kuweweseka ni la usingizini. Hapo mimi nina samaki kwenye mfuko, jua linawaka, samaki anaharibika. "Prattle" alikataa kuitafsiri. Alisema ni maongezi ya mtoto anayejifunza, na mtoto wa namna hiyo hasahihishwi, anasikilizwa. Katika safu ya tatu aliandika jina la Mwanahamisi, akaweka umri wake mabanoni, miaka miwili na nusu.

Neno alilolipenda lilikuwa "patter", maneno ya mchuuzi anayenadi. Kwa ajili yake alikuwa anatoka Tangini mpaka Mlandizi siku ya mnada, anasimama saa nzima mbele ya muuza mitumba aliyepanda juu ya meza, yule anayeimba bei na rangi na saizi bila kuvuta pumzi. Hanunui hata soksi. Anasikiliza amefumba macho. Nilipomkuta pale siku moja nikamwambia, sasa huyu si ndiye gabble yenyewe? Akaniona mjinga wa mwisho.

"Huyu amejipanga," alisema. "Kila neno linajua linakwenda wapi. Huyu akipunguza mwendo, biashara imekufa. Wewe ukipunguza mwendo ndipo utaeleweka. Ndiyo tofauti."

Neno ambalo hakulipenda, na ambalo ndilo lililoanzisha daftari lote, lilikuwa "jabber". Hili alinisimulia mara moja tu, siku ya tatu ya msiba wa mkewe, tukiwa tumekaa nje ya nyumba Msimbu alikozikwa. Akiwa mwalimu kijana alimpeleka mgeni mmoja wa Kizungu kijijini kwao kuangalia kisima. Mama yake Mwalimu alikuwa amekaa na wanawake wenzake wakipukuchua mahindi, wanapanga harusi ya mpwa wao, wote wanaongea kwa pamoja, Kizaramo, na wanaelewana vizuri kabisa. Mgeni akatabasamu, akamuuliza kwa Kiingereza, hawa wana-jabber nini? Mwalimu hakulijua lile neno. Alitabasamu naye. Jioni aliporudi nyumbani akalitafuta, akakuta maana yake ni kuongea haraka kwa namna isiyoeleweka, kama nyani.

"Mama yangu alikuwa anapanga mahari na siku ya pilau," alisema. "Alieleweka na kila mtu aliyekuwa pale isipokuwa mmoja. Halafu yule mmoja ndiye aliyekuwa na neno."

Tangu siku hiyo ndipo akaanza kuyakusanya, ili ajue ni lipi linamsema anayeongea na lipi linamsema anayesikiliza. Jabber, alisema, linamsema anayesikiliza. Safu yake ya tatu aliandika "mgeni wa kisima", na hakuandika mwingine.

Kulikuwa na neno moja ambalo safu yake ya tatu ilikuwa tupu. "Gibber". Maongezi ya mtu ambaye akili imeondoka, sauti zimebaki. Alitukataza kumpa binadamu neno hilo. Wavulana wa darasa letu walimpa mzee mmoja aliyekuwa akizunguka sokoni anaongea peke yake, na Mwalimu akawafuata mpaka bwenini. "Gibber humpi mtu mpaka umemsikiliza mara tatu," alisema, "na ukishamsikiliza mara tatu utakuta umepata neno jingine." Kauli hiyo aliirudia mpaka ikatuchosha. Ukilalamika uji hauna sukari anakuuliza, umeuonja mara tatu?

Sasa kilichoniudhi kuliko vyote. Nilikuwa na miaka minne dirishani, nina jina zuri kazini, na foleni yangu ilikuwa inakwisha kabla ya zote. Siku ya kliniki ya presha naye alikuwa kwenye foleni. Mbele yake kulikuwa na bibi mmoja kutoka kijiji cha Janga, kilemba kimefungwa vizuri, nikampa dawa zake na maelezo kama ninavyowapa wote: hiki kimoja kutwa mara mbili baada ya chakula, hiki nusu asubuhi, hiki ukimaliza rudi, anayefuata. Bibi akasema ahsante mwanangu. Kabla hajageuka nikasikia, kop. Mwalimu alikuwa anagonga kizibo kwenye fremu ya dirisha langu, mbele ya watu wote.

"Mrudishe," alisema. "Umem-gabble."

"Mwalimu, watu wanasubiri."

"Bibi, amekwambia nini?"

Bibi akatazama bahasha zake, akatazama watu, akasema, "Amesema nimeze."

Foleni nzima ilicheka. Nilirudia maelezo, neno moja, kop moja, uso unaniwaka, mpaka bibi akayasema mwenyewe bila kukosea. Mwalimu alipofika dirishani nilimsukumia dawa zake bila kumwangalia. Mwezi mzima nilikuwa nikimwona barabarani nazunguka kwa nyuma ya nyumba. Kwa wiki chache niliongea polepole na wagonjwa. Kisha foleni zikarefuka, nikarudi kwenye mwendo wangu. Yeye alishahamia Msimbu kwa ajili ya kaburi la mkewe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kunigongea.

Baada ya kiharusi aliendelea kuhudhuria kliniki kwetu, kwa sababu faili lake lilikuwa kwetu. Akishindwa kusafiri, daktari alikuwa anaongea naye kwa simu na Mwanahamisi anakuja kuchukua dawa. Mara ya mwisho daktari alimweleza Mwalimu dawa zake kwa simu, na Mwanahamisi akaja kuzichukua peke yake, wiki tatu kabla ya ile simu ya Ijumaa.

Basi Jumapili nilifika Msimbu saa nne asubuhi kwa bodaboda, matope mpaka magotini. Mwanahamisi alinipokea uani. Amekonda. Baba wadogo wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wakanisalimia vizuri, na mmoja akaniambia kwa upole kwamba gari la kesho limeshapatikana.

Mwalimu alikuwa amelazwa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Nilisema shikamoo mwalimu. Alifumbua macho, na akaanza.

Sijui nielezeje. Ilikuwa sauti moja ndefu, ya kasi, ya ulimi mzito, inateleza bila mwanya hata mmoja, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, unapunga hewani. Mara ya kwanza nilisikiliza mpaka mwisho. Nilisema kimoyomoyo, imekwisha, akili imeondoka. Nikampa lile neno. Nami nilikuwa mwanafunzi wake.

Alinyamaza, akahema, akaanza tena. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kwa sababu tu nilichoka kusimama, na kwa sababu ile kauli yake ya mara tatu ilikuwa imeniganda kichwani kama wimbo usioupenda. Mara ya pili nikaona kitu. Mkono ulipunga, kisha ukanyoosha vidole vitatu, kisha ukapunga tena. Mara ya tatu nikamwangalia mkono tu. Ulipunga, ukanyoosha vidole vitatu palepale, ukapunga. Urefu ule ule, na mwisho ule ule. Mtu aliyeharibikiwa hasemi jambo moja kwa mpangilio mmoja mara tatu mfululizo. Huyu alikuwa na sentensi, na alikuwa anaikimbiza kabla usingizi haujamchukua tena.

"Mwanahamisi, shati lake liko wapi?"

"Lipi?"

"Lolote la mfuko."

Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kizibo kilikuwemo. Nilirudi kitandani, nikagonga kwenye mbao ya kitanda, kop.

Mwalimu alinyamaza ghafla. Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyekutwa na kosa lake mwenyewe. Nikagonga tena.

"Dawa," alisema.

Mwanahamisi alishika mlango. Kop.

"Ndogo."

Kop.

"Nyeupe."

Kila neno lilimtoka kama mtu anayevuta ndoo kisimani, lakini lilitoka, na mimi niligonga, na baba wadogo walikuwa wameshaingia wamesimama nyuma yangu. Ya. Usiku. Mnanipa. Mara. Tatu. Kisha akaniangalia mimi, siyo wao, na nikagonga, na akasema, "Kwanini?"

"Si ndivyo ulivyosema dirishani, dada?" Mwanahamisi aliniuliza. "Kimoja kutwa mara tatu, kama zile nyingine."

Akaleta bahasha. Mbili zilikuwa na maandishi yangu, wino wangu wa bluu. Ya tatu, ya kile kidonge kidogo cheupe cha kumsaidia usingizi, haikuandikwa kitu. Daktari aliandika nusu kidonge, usiku, basi. Nilikumbuka siku ile. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, bahasha ya tatu niliitia vidonge nikiwa tayari nimenyoosha mkono kupokea karatasi ya mtu anayefuata, na maelezo nilimpa kwa mdomo, kwa mwendo wangu.

"Mbona hukuniuliza tena?" nilisema, na nilijichukia hata kabla sijamaliza.

"Nilitaka. Watu nyuma walikuwa wanasonya. Nikaona aibu."

Kwa wiki tatu tulikuwa tunamlaza kwa nguvu mtu aliyekuwa anaamka kutuambia acheni kunilaza. Akitema dawa tunasema kichaa. Na mimi nilikuwa nimeitwa nije niongeze nyingine. Nililia hapo hapo, mbele ya baba wadogo, sikuweza kujizuia. Nilitoka uani nikampigia daktari, nikamwambia kosa ni langu, akanieleza jinsi ya kuipunguza ile dawa na akasema niendelee kumwangalia mpaka jioni. Baba mdogo mkubwa alisikiliza yote. Hakunilaumu. Alichukua simu yake, akamwambia mwenye gari asije kesho.

Kufika jioni Mwalimu alikuwa macho, amechoka, lakini yupo. Mwanahamisi alimnywesha uji. Daftari lilikuwa juu ya kabati, nikalifungua, siyo kwa heshima, kwa kutafuta pa kuweka macho. Kwenye "gibber" safu ya tatu ilikuwa bado tupu. Kwenye "gabble" nilikuwepo mimi, wino umefifia, na chini yangu, kwa wino ambao haujafifia, aliandika: "Mimi mwenyewe, nikiwa na hasira au hofu." Kumbe aliita jina lake. Hakuniambia.

Nilimwita Mwanahamisi ili nimpe maelezo kabla sijaondoka. Nilikuwa na uchungu, na pikipiki ilikuwa inanisubiri nje, nikamwambia leo msimpe kitu, kesho usiku nusu tu, ukiona halali usiongeze nipigie mimi kwanza.

Kop.

Mwalimu alikuwa amekichukua kizibo pale nilipokiacha juu ya shuka. Alikuwa anakigonga kwenye mbao ya kitanda kwa mkono wa kushoto, kwa taabu, kikamponyoka, akakitafuta, akakipata. Nilidhani anataka kunishukuru, au kunitukana, na vyote viwili nilikuwa tayari kuvipokea. Akagonga tena.

"Rudia," alisema.

Nikasimama wima mbele yake, mtu wa miaka arobaini na moja, nikarudia.